Jinsi ya Kumlalamikia Mdhibiti Kuhusu Intaneti Ghali: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Malalamiko mengi kuhusu bei ya intaneti hufia kwenye sentensi ya kwanza: "Intaneti ya hawa watu ni ghali mno." Ofisa wa mdhibiti, yaani mamlaka inayosimamia kampuni za mawasiliano, anayeipokea sentensi hiyo hana pa kuishika. Hajui unalipia kifurushi gani, uliahidiwa nini, ulipata nini, wala mtoa huduma alikujibu nini ulipomfuata. Anakuandikia kistaarabu kwamba bei hupangwa na soko, kisha analifunga jalada. Wewe unabaki ukiamini kwamba mdhibiti na kampuni lao ni moja.

Nimeshaandika malalamiko yaliyofungwa kwa jibu la aya moja, na nimeshaandika yaliyorudisha pesa mfukoni. Maneno makali yalikuwamo kwenye yale yaliyofungwa. Yaliyofanikiwa yalikuwa na tarehe, namba na ombi moja linaloeleweka. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuligeuza neno "ghali" kuwa jambo ambalo mdhibiti analazimika kulijibu.

Ghali yako ni ya aina gani?

Anzia hapa, hata kama una hasira kiasi gani. Katika nchi nyingi mdhibiti hapangi bei ya intaneti ya nyumbani. Huiacha kwenye ushindani, na huingilia pale kampuni moja inapolishika soko, au mtoa huduma anapovunja leseni, mkataba au kanuni za kumlinda mteja. Kwa hiyo kuna ghali mbili.

Ya kwanza ni bei yenyewe kuwa juu. Ulikubali, unapata ulichoahidiwa, lakini inakuumiza. Hii mteja mmoja mmoja huishinda mara chache, na ina njia yake ambayo nitaifikia mwishoni.

Ya pili ni kulipa zaidi ya mlichokubaliana, au kupata pungufu ya ulicholipia. Hapa ndipo malalamiko ya mtu mmoja yana nguvu, na ukichunguza vizuri utashangaa ni mara ngapi ghali ya kwanza imeificha hii ya pili ndani yake. Ikague kwa maswali haya:

- Je, ankara inalingana na bei iliyo kwenye mkataba, kila mwezi?
- Je, bei ilipandishwa katikati ya mkataba, na ulipewa taarifa kabla?
- Je, kuna tozo ambayo hukutajiwa siku ya kujiunga: ada ya kufungiwa, kukodi ruta, huduma ya ziada ambayo hukuiomba?
- Je, kasi unayoipata inafanana na unayoilipia?
- Je, bando linakatika au kupunguzwa kasi kabla ya kiwango kilichotangazwa?
- Je, unatozwa faini ya kuvunja mkataba ambao mtoa huduma ndiye aliyeanza kuuvunja?

Jibu lolote linalokwenda kinyume nawe ni lalamiko kamili. Suala la bei kupanda katikati ya mkataba, kwa mfano, limewakera watu kiasi kwamba nchini Uingereza, kuanzia tarehe 17 Januari 2025, mdhibiti wa huko, Ofcom, alipiga marufuku mikataba mipya yenye kipengele cha kupandisha bei kwa kufuata mfumuko wa bei. Ongezeko lolote sharti litajwe kwa kiasi cha fedha tangu siku ya kusaini. Kama mkataba wako unasema tu "bei inaweza kubadilika", kisome kifungu hicho mara mbili na utafute kanuni za kwenu zinasemaje kuhusu taarifa ya mapema.

Kusanya karatasi kabla ya kufungua mdomo

Unahitaji mkataba, ankara zote tangu ulipojiunga, risiti za malipo, na tangazo lililokuvuta. Hilo la mwisho watu husahau. Kurasa za matangazo hubadilishwa kimyakimya, kwa hiyo piga picha ya skrini siku ileile unayojiunga, tarehe ionekane. Marekani, tangu mwaka 2024, mdhibiti wa huko, FCC, anawataka watoa huduma waonyeshe lebo ya kila kifurushi yenye bei ya mwezi, bei baada ya ofa kuisha, ada, kasi na kiwango cha data. Pasipo na lebo ya namna hiyo, jitengenezee ya kwako: andika mambo hayohayo kwenye karatasi moja kutoka kwenye mkataba, na pale mkataba usiposema kitu, andika "haisemi". Ukimya wa mkataba nao ni ushahidi.

Kisha pitia ankara mstari kwa mstari. Niliwahi kulipia kifaa kwa miezi saba baada ya kukirudisha. Mstari wenyewe ulikuwa wa nne kutoka juu, umeandikwa "huduma ya kifaa", kiasi kidogo ambacho jicho hulipita. Nilikuwa nalalamika kwa kila mtu kwamba intaneti imepanda bei, kumbe bei haikupanda hata kidogo. Kilichonisaidia ni kipande cha karatasi chenye mhuri wa siku niliyokabidhi ruta, nilichokuwa nimekitia ndani ya bahasha ya risiti bila kukifikiria sana. Bila kile kipande, ingekuwa neno langu dhidi ya mfumo wao.

Pima kasi, na uipime sawasawa

Hapa ndipo malalamiko mengi huharibika, na ndipo inapofaa kutumia muda mwingi.

Anza na vipimo vyenyewe. Kasi hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde, yaani Mbps, wakati mafaili hupimwa kwa megabaiti, MB. Baiti moja ni biti nane. Ukilipia 100 Mbps, faili litashuka kwa takriban MB 12.5 kwa sekunde, na hapo umepata haki yako yote. Nimeona mtu akiandika kwamba ameibiwa sehemu saba kati ya nane za kasi yake. Alikuwa amelinganisha herufi ndogo ya b na kubwa. Lalamiko la namna hiyo likifika kwa mdhibiti, hata mambo ya kweli yaliyomo ndani yake hayatasomwa kwa makini.

Pili, chomeka kebo. Wi-Fi hupungua nguvu kwa sababu ya kuta, umbali, na mitandao ya majirani, na mtoa huduma atakutupia lawama zote hizo. Unganisha kompyuta moja kwa moja na ruta kwa kebo ya mtandao, zima vifaa vingine, funga programu zinazojisasisha zenyewe, ndipo upime. Kama huduma yako ni ya simu au ruta ya laini, kaa mahali palepale kila mara na uandike nguvu ya mawimbi inayoonekana.

Tatu, pima mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana, na usiku watu wanapokuwa majumbani. Wiki mbili zinatosha. Tumia kipimo kilekile siku zote. Kabla ya kuchagua, angalia kama mdhibiti wenu ana kipimo chake, maana hicho hakiwezi kupingwa kirahisi. Ujerumani, tangu Desemba 2021, sheria inampa mteja haki ya kupunguza malipo kasi ikiwa chini kwa kiwango kikubwa, lakini mdhibiti, Bundesnetzagentur, anataka vipimo 30 vilivyogawanywa katika siku tatu tofauti, kwa programu yake mwenyewe. Ukimpelekea kipimo kingine, kizuri namna gani, hakihesabiki. Pasipo na kipimo rasmi, Speedtest ya Ookla au kile cha M-Lab hutumika sana.

Daftari langu huonekana hivi (kushusha na kupandisha ni kwa Mbps, ucheleweshaji, yaani muda wa data kwenda na kurudi, ni kwa milisekunde):

*Jumatatu, 07:10, kebo: kushusha 47, kupandisha 11, ucheleweshaji 14.*
*Jumatatu, 13:05, kebo: kushusha 44, kupandisha 11, ucheleweshaji 16.*
*Jumatatu, 21:30, kebo: kushusha 16, kupandisha 9, ucheleweshaji 88.*

Angalia saa zilivyoandikwa. Sisi tukisema saa tatu na nusu usiku tunaelewana, lakini jalada linaweza kusomwa na mtu anayehesabu kuanzia usiku wa manane, na vipimo vyako vya usiku vikaonekana vya alfajiri. Tumia mtindo wa saa 24. Kila kipimo kiwe na picha yake ya skrini.

Sasa piga hesabu. Tuseme unalipia 50 Mbps, na wastani wa usiku ni 17. Unapata asilimia 34. Yaani usiku, wakati hasa unapoihitaji intaneti, kila Mbps moja inakugharimu karibu mara tatu ya ulivyokubali. Hapo "ghali" imepata namba, na namba hiyo ndiyo itakayokaa kwenye sentensi ya kwanza ya barua yako.

Tahadhari moja: neno "hadi". Kifurushi cha "hadi 50 Mbps" hakikuahidi 50 kila saa. Tafuta kwenye mkataba au kanuni kama kuna kiwango cha chini. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni namba 2015/2120 inataka mikataba ya huduma isiyo ya simu za mkononi itaje kasi ya chini kabisa, ya kawaida, ya juu kabisa na iliyotangazwa. Kama kwenu hakuna takwa hilo, jenga hoja yako juu ya upungufu unaojirudia kila siku na usiiweke juu ya kushuka kwa siku moja.

Mfuate mtoa huduma kwanza

Karibu kila mdhibiti atakuuliza: ulikwisha kumlalamikia mtoa huduma? Ukisema hapana, atakurudisha. Ukisema ndiyo bila uthibitisho, atakurudisha pia.

Lalamika kwa maandishi: barua pepe, fomu, au mazungumzo ya programu ambayo unaweza kuyahifadhi. Ukilazimika kupiga simu, andika jina alilojitambulisha nalo aliyepokea, tarehe, saa, na alichoahidi, kisha tuma barua pepe fupi ya kuthibitisha: "Leo saa 10:20 nimezungumza na huduma kwa wateja, nimeambiwa nitarudishiwa tozo ya kifaa ndani ya siku saba." Wasipoikana, imesimama. Na usikate simu kabla ya kupewa namba ya malalamiko. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa mlango unaofuata.

Tamka wazi kwamba unawasilisha *malalamiko rasmi*. Kampuni nyingi hutenganisha "ulizo" na "lalamiko", na saa ya kisheria huanza kuhesabu kwa lalamiko pekee. Uliza wana siku ngapi za kukujibu, na uulize ngazi ya juu yake ni ipi.

Kuhusu malipo: usiache kulipa yote kwa hasira. Utakatiwa huduma, utaandikwa mdaiwa, na mdhibiti atakuta jalada lenye makosa pande zote mbili. Lipa kiasi usichokipinga, na uandike kwamba kiasi kilichobaki kiko kwenye mgogoro, ukitaja namba ya malalamiko. Angalia kwanza kama kanuni za kwenu zinakuruhusu kuzuia kiasi hicho. Kama haziruhusu, lipa yote na uandike kwamba unalipa huku ukipinga.

Muda ukipita kimya, au wakikujibu usiridhike, waombe barua inayosema huo ndio uamuzi wao wa mwisho. Wakigoma kuitoa, barua yako ya kuiomba inatosha.

Jua unakwenda kwa nani

Tanzania ni TCRA, Kenya ni CA, Uganda ni UCC, Rwanda ni RURA, Afrika Kusini ni ICASA, Marekani ni FCC. Lakini majina peke yake hayatoshi, kwa sababu wadhibiti hawafanyi kazi sawa. FCC hupokea malalamiko ya mteja bila ada yoyote, huyapeleka kwa mtoa huduma, na mtoa huduma ana siku 30 za kujibu kwa maandishi. Ofcom haisuluhishi kesi ya mtu mmoja. Inakuelekeza kwenye chombo huru cha usuluhishi, na malalamiko yako huyatumia kuamua ni kampuni gani ichunguzwe. TRAI, mdhibiti wa India, nayo haishughulikii kesi binafsi, na mteja hupandishia rufaa yake ndani ya kampuni ileile kwa mamlaka ya rufaa inayotakiwa kisheria. Australia kuna TIO, msuluhishi wa sekta, aliyeanza kazi mwaka 1993.

Kwa hiyo soma ukurasa wa malalamiko wa mdhibiti wako kabla ya kuandika. Tafuta mambo matatu: anapokea kesi za mtu mmoja au anazielekeza kwingine, ni baada ya siku ngapi tangu ulipomlalamikia mtoa huduma, na kuna ukomo gani wa kuwasilisha. Ukomo huo umewazika wengi wenye haki.

Andika lalamiko

Kurasa mbili, zisizidi. Msomaji wako ana majalada mengine mengi mezani. Huu ni mfano wa kiini chake:

*"Ninalipia kifurushi cha nyumbani cha 50 Mbps kwa mkataba wa miezi 12. Kifungu cha 6 cha mkataba kinasema kasi haitashuka chini ya 30 Mbps (Kielelezo A). Kwa siku 14 mfululizo nimepima kasi mara 42 kwa kebo. Vipimo 13 kati ya 14 vya usiku vilikuwa chini ya 30, na wastani wa usiku ni 17 (Kielelezo B). Nililalamika kwa mtoa huduma na kupewa namba ya malalamiko (Kielelezo C). Fundi alikuja mara moja, akabadilisha ruta, kasi haikubadilika (Kielelezo D). Siku 30 zimepita bila jibu la mwisho.*

*Ninaomba: moja, nirudishiwe sehemu ya malipo ya miezi mitatu inayolingana na upungufu huo, mbili, kasi irekebishwe ndani ya siku 14, ama niruhusiwe kuvunja mkataba bila faini."*

Juu yake weka jina lako, mawasiliano, anwani ambako huduma imefungwa, jina kamili la kampuni kama lilivyo kwenye mkataba, na namba ya akaunti. Ona kwamba hakuna neno "wezi" wala "matapeli". Najua linavyowasha ulimini. Liache, kwa sababu ofisa akilikuta ataanza kukupima wewe badala ya kuipima kampuni.

Ombi lako liwe na kiasi. "Nataka fidia" ni mlango uliofunguliwa ili upewe chochote. Onyesha hesabu yako, hata kama ni ya mistari mitatu. Na viambatanisho vipewe herufi, vipangwe kwa mfuatano wa barua, vyote katika faili moja ikiwezekana.

Tunza uthibitisho wa kupokewa. Ukipeleka kwa mkono, nakala yako ipigwe mhuri.

Jibu likija

Mara nyingi kampuni hukupigia simu siku chache baada ya mdhibiti kuwaandikia, na sauti imebadilika kabisa. Sikiliza, lakini usikubali kitu kwa simu. Waombe waandike. Ukipewa salio la bure "kama ishara ya nia njema", soma kama kuna sentensi inayosema kwamba kwa kulipokea umemaliza madai yote. Salio la mwezi mmoja linaweza kukufungia miezi sita ya madai.

Kampuni ikimjibu mdhibiti kwamba tatizo limekwisha, pima tena siku tatu na upeleke matokeo. Jalada hufungwa mara nyingi zaidi kwa kukosa neno la mlalamikaji kuliko kwa kukosa haki. Kama uamuzi umekwenda kinyume nawe, uliza njia ya rufaa na siku zake. Tanzania, kwa mfano, maamuzi ya TCRA yanaweza kukatiwa rufaa kwenye Baraza la Ushindani.

Kama bei yenyewe ndiyo tatizo

Sasa turudi kwenye ile ghali ya kwanza. Ankara ni sahihi, kasi ipo, na bado intaneti inakula kipato chako. Una haki ya kusema, ila hapa mtu mmoja hatoshi na njia ni nyingine.

Tumia kipimo kinachokubalika. Mwaka 2018, Tume ya Brodibendi iliyo chini ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, na UNESCO iliweka lengo kwamba kufikia mwaka 2025 huduma ya msingi ya intaneti katika nchi zinazoendelea igharimu chini ya asilimia 2 ya wastani wa pato la taifa la mtu kwa mwezi. Linganisha bei ya kifurushi cha chini kabisa kwenu na kiwango hicho. Linganisha pia bei kwa kila Mbps au GB kati ya kampuni zenu, na kati ya maeneo. Eneo lenye mtoa huduma mmoja likiwa na bei ya juu kuliko eneo lenye watatu, hiyo ni hoja ya ushindani, na mamlaka ya ushindani inaweza kuisikia hata kama mdhibiti wa mawasiliano hakuisikia.

Afrika Kusini ilionyesha inavyowezekana. Kampeni ya #DataMustFall ya mwaka 2016 ilianza kwa kelele za watumiaji. Agosti 2017 Tume ya Ushindani ikafungua uchunguzi wa soko la data, na ripoti yake ya Desemba 2019 ikaona kwamba Vodacom na MTN walipaswa kushusha bei za vifurushi vya mwezi kwa asilimia 30 hadi 50, na kwamba wanunuzi wa vifurushi vidogo, yaani maskini, ndio waliolipa ghali zaidi kwa kila MB. Mwaka 2020 bei zikashuka. ICASA nayo, mwanzoni mwa 2019, ilikwisha kuwapa wateja haki ya kusogeza mbele na kugawa data iliyobaki.

Mlango wenu wa kawaida ni maoni ya umma. Wadhibiti hutangaza rasimu za kanuni, maombi ya leseni na mapitio ya soko, na hutoa wiki kadhaa za kupokea maoni. Kampuni hupeleka mawakili. Wateja mara nyingi hawapeleki mtu, na rasimu hupita ikiwa imesomwa na upande mmoja. Jikusanyeni, hata kaya ishirini za mtaa mmoja, kila moja na ankara na vipimo vya wiki mbili, muandike waraka mmoja wenye jedwali moja na mapendekezo mawili au matatu: bei zitangazwe kwa namna inayolinganishika, faini ya kuhama ipunguzwe, miundombinu ya mkongo ishirikiwe kwa bei ya haki. Kama kuna baraza la watumiaji wa mawasiliano, lipeni nakala.

Kabla ya kutuma, futeni namba za akaunti, simu na anwani kwenye viambatanisho. Maoni ya umma kwa kawaida huwekwa hadharani jinsi yalivyopokewa.